Baba Alienda Hospitali Mara Saba

Kuna sentensi moja inanichosha. Utaisikia kila Septemba na kila Novemba, redioni, kwa mabango, kwa video za watu wa kontenti kama mimi: wanaume wetu hawaendi hospitali. Inasemwa kwa ile sauti ya kulaumu kidogo, kana kwamba saratani ya tezi dume ni adhabu ya ukaidi. Mwanaume akipatikana na ugonjwa ukiwa umeshasambaa, watu wanatikisa kichwa. "Si mnajua wazee wetu."

Baba yangu alienda. Alienda mara saba ndani ya miezi kumi na moja. Risiti zote anazo, kwa sababu ni dereva wa lori na dereva wa lori hatupi karatasi: ya mizani, ya mafuta, ya mpakani, zote zinaingia kwenye bahasha ya kaki. Mimi ndiye nilizitoa nikazipanga kwa tarehe. Zinaanza Februari 2024, zinaishia Januari 2025, vituo vinne tofauti. Na kabla ya ile safari ya saba, hakuna kituo hata kimoja kilichopima tezi dume yake.

Amenipa ruhusa ya kuandika haya. Masharti yake ni matatu: nisitaje hospitali, nisiweke sura yake, na nisimfanye aonekane mnyonge. Hilo la tatu ni rahisi kuliko mnavyofikiria.

Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya biashara, karo ilipokataa kutosha, na sai natengeneza video nikiwa Changamwe. Nilichonacho ni hiyo bahasha, daftari nililokuwa naandika kila daktari akiongea, na tabia ya kuuliza "hiyo maana yake nini?" mpaka mtu achoke.

Sasa twende kwa mgongo, maana ndiko tulikodhani yote yalianzia.

Baba ana miaka 61. Ameendesha lori miaka 28, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine hadi Kampala, zaidi ya kilomita 900 kabla hata hajaona mpaka. Mgongo wa dereva ni kitu kinajulikana. Kila mtu pale yadi anao. Kwa hivyo alipoanza kulalamika kiuno, hakuna aliyeshtuka, hata yeye. Kwanza ilikuwa kemisti na tembe za maumivu, hiyo hata sihesabu. Halafu kliniki, sindano ya diklofenaki, "mzee, punguza safari". Mara ya pili akapigwa eksirei, akaambiwa ni mabadiliko ya umri. Mara ya tatu akatumwa kwa mazoezi ya viungo, akafundishwa kujinyoosha na mpira.

Kuna kitu kimoja hapa nataka ukishike, kwa sababu ndicho ningependa mtu angetuambia. Maumivu ya kazi hupungua ukilala. Unajitupa kitandani, mgongo unapumua, asubuhi unaamka nafuu. Ya Baba yalikuwa kinyume. Mchana anavumilia, usiku ndio yanapanda. Ilifika mahali analala kwenye kiti cha sebuleni, ameegemea mto, televisheni imezimwa. Mama alidhani wamekosana. Maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, yasiyosikia mapumziko, kwa mtu aliyepita miaka 50, hiyo ni alama ambayo madaktari wenyewe wanafundishwa kuiogopa. Lakini lazima mtu aulize, "Usiku je?" Na kwenye ile foleni ya Jumatatu asubuhi, watu sitini na daktari mmoja, hilo swali halipati nafasi.

Mara ya nne hakwenda kwa mgongo. Alikwenda kwa sababu alipanda ngazi ya lori akasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Wakapima damu: 8.9. Mwanaume mzima anatakiwa kuwa 13 na kuendelea.

Hapa sitaki kumtukana mtu, kwa sababu maelezo waliyotupa yalikuwa na akili kabisa. Alikuwa amemeza dawa za maumivu karibu kila siku kwa miezi mitano. Dawa hizo hukwaruza tumbo, tumbo likitoka damu kidogo kidogo mtu anapungukiwa. Kwa hivyo: vidonda vya tumbo. Wakapima wale bakteria wa tumboni, wakapatikana (nani Kenya hii hapatikani nao?), akapewa dawa za wiki mbili na tembe za madini ya chuma. Nyumbani Mama akaongeza bitiruti, maini na mchicha mpaka jikoni kukawa kama duka la mboga. Shangazi akatuma chupa ya kitu cheusi kutoka Voi ambacho hakuna aliyeuliza ni nini.

Mara ya tano: 7.4. Wakaongeza dozi ya chuma.

Mara ya sita alilazwa akaongezewa damu, painti mbili. Nakumbuka nikituma ujumbe kwa makundi yote ya WhatsApp nikitafuta watu wa kuchangia, na vijana wa yadi wakaja wanne na ovaroli zao. Alitoka akiwa na rangi usoni, tukashangilia. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari linaisha mafuta kila wiki na tangi halivuji.

Ukiangalia sasa, kila kituo kilikuwa na jibu lililotosha. Mgongo una jibu lake: kazi. Damu ina jibu lake: tumbo. Uchovu una jibu lake: umri. Ila zile karatasi tatu hazikuwahi kulala mezani pamoja. Mtu wa mgongo hakuona karatasi ya damu, mtu wa damu hakuambiwa habari ya kiti cha sebuleni.

Aliyeziunganisha hakuwa daktari hata. Alikuwa mtaalamu wa maabara.

Mara ya saba, Januari, fizi zilikuwa zinatoka damu akipiga mswaki na alikuwa na madoa mekundu miguuni kama vipele. Mashine ikahesabu zile chembe za kugandisha damu: elfu 41. Kawaida ni elfu 150 na zaidi. Mashine ingeishia hapo, kazi yake ni kuhesabu. Lakini yule dada wa maabara akapaka tone la damu kwenye kioo, akaweka chini ya hadubini, akaangalia kwa macho yake. Kisha akaandika mistari miwili kwa kalamu pembeni ya fomu. Nimeihifadhi. Anasema ameona seli nyekundu ambazo bado zina kiini, na seli nyeupe changa, na akapendekeza uboho uchunguzwe.

Wacha nieleze vile nilielezwa, maana nilifanya daktari arudie mara tatu.

Uboho ni ule ute ulio ndani ya mfupa, ule mnaufyonza mkinywa supu. Huo ndio jikoni ya damu. Kwa mtu mzima, jikoni kubwa ziko kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Seli nyekundu hupikwa mle, na kabla ya kutoka huvua kiini chake, kama mpishi anavyovua aproni kabla ya kutoka nje. Seli nyeupe nazo hukomaa mle mle kabla ya kuruhusiwa. Ukikuta barabarani wapishi wametoka na aproni, na watoto wa shule wametoka katikati ya somo, huhitaji kuambiwa kwamba kuna mtu amevamia jengo.

Na seli nyekundu huishi kama siku 120. Chembe za kugandisha huishi siku kumi hivi. Ndiyo maana jikoni ikivamiwa, hata ukiongeza painti mbili, zinaisha na unarudi pale pale. Chuma haikosekani. Bitiruti haikosekani. Kinachokosekana ni nafasi ya kupikia.

Aliyevamia anaweza kuwa wengi. Daktari alitaja saratani za damu zenyewe, lukemia na ile ya uboho inayoitwa mayeloma, akataja kifua kikuu, kisha akasema, "Au saratani iliyotoka kwingine." Akageuka akamwangalia Baba, akaniangalia mimi. Akasema, "Dada, naomba utupishe kidogo."

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la korido kama dakika ishirini.

Hiyo "utupishe" ndiyo kitu muhimu zaidi mtu alifanya katika miezi kumi na moja. Kwa sababu swali la mkojo lilikuwa limeshaulizwa. Mara ya tatu, kliniki nyingine, muuguzi aliuliza kwa sauti akiwa anaandika, "Mzee, mkojo uko sawa?" Nilikuwa nimekaa pale pembeni, nimeshika mkoba wake. Baba akasema, "Uko sawa kabisa." Angesema nini? Mimi ni binti yake, kifungua mimba. Mbele yangu huyu mtu hajawahi hata kusema neno "choo", husema "naenda nyuma". Mlitaka aseme mbele yangu kwamba anaamka mara tano usiku, kwamba anasimama pale anasubiri, kwamba unakatika unaanza tena? Hilo si ukaidi. Sitaki mtu aite heshima ya Baba ukaidi. Swali liliulizwa mahali ambapo jibu lake halingeweza kutoka.

Mle ndani, mlango umefungwa, alijibu yote. Alikuwa ameona mabadiliko kwa zaidi ya mwaka. Kisha daktari akafanya kile kipimo cha kidole, ambacho wazee wa mtaani wanakisimulia kama hadithi ya kutisha na ambacho, kwa maelezo ya Baba mwenyewe baadaye kwa vijana wa yadi, "ni kifupi kuliko foleni ya mizani". Tezi dume iko chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo, na ukuta wake wa nyuma unagusika kupitia njia ya haja kubwa. Ya mtu mzima wa afya ni kama ndimu ndogo, na inabonyea. Ya Baba ilikuwa ngumu kama jiwe, ina vinundu.

Siku hiyo hiyo wakachukua damu ya kipimo cha PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kidogo huvuja kwenye damu. Mara nyingi chini ya 4 huhesabiwa kawaida, ingawa umri huchangia. Ya Baba ilikuja 1,460. Nikadhani wamesahau nukta. Nilirudi dirishani kuuliza, haki.

Tulilipa shilingi 1,500 kwa hicho kipimo. Nimejumlisha risiti za zile safari sita za kwanza, sindano, eksirei, mazoezi, vipimo vya tumbo, tembe za chuma. Ni zaidi ya elfu 60.

Bado wakataka kuhakikisha kilichoko ndani ya mfupa. Alilazwa kifudifudi, wakamtia ganzi nyuma ya nyonga, wakaingiza sindano kuvuta ute wa uboho. Ikatoka kavu. Hilo lenyewe ni jibu nusu, jikoni imejaa kitu kigumu hakuna ute wa kuvuta. Ikabidi wachukue sindano nene inayokata kipande kidogo cha mfupa chenyewe, mfano wa njiti ya kiberiti. Baba alisema kuvutwa kunauma kuliko kuchomwa. Kipande kikapelekwa Nairobi, tukakaa wiki tatu. Majibu: uboho umejaa seli ambazo si za hapo. Walipozitia rangi maalumu inayoshika ile ile PSA, zikashika. Seli za tezi dume, ndani ya mfupa wa nyonga, zimeweka makao. Hawakuhitaji hata kukata kipande cha tezi yenyewe, na kwa damu ilivyokuwa haigandi ilikuwa afadhali.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu huuliza: imefikaje huko? Kibofu kiko hapa, mgongo uko kule.

Jibu moja ni la mwaka 1940. Mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Oscar Batson, alionyesha kwamba mishipa ya damu inayotoka maeneo ya nyonga imeungana na mtandao wa mishipa unaozunguka uti wa mgongo, na huo mtandao hauna vali. Mishipa mingine ina vali zinazolazimisha damu iende upande mmoja. Hii haina, ukikohoa au ukijikamua damu inaweza kurudi ilikotoka. Nilimweleza Baba hivyo akaelewa kabla sijamaliza: "Kwa hivyo ni njia ya panya. Haipiti Mariakani." Ndiyo, haipiti mizani. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba uboho wenyewe una rutuba, una damu nyingi na kemikali za kukuza, na seli hizi zikifika hapo zinapata kila kitu.

Na zikishakaa zinafanya mfupa ujijenge ovyo. Saratani nyingi zikiingia mfupani huutoboa. Hii mara nyingi huufanya uwe mnene, kwenye picha unaonekana mweupe kupita kiasi. Pengine ndiyo maana ile eksirei ya kwanza ilipita kama umri. Sitasema zaidi ya hapo, sikuwa nayo mkononi, walibaki nayo.

Najua kuna mtu atakuja na hoja ya PSA kwamba ni kipimo kibovu. Nimeisoma hiyo hoja, na ina ukweli. PSA hupanda hata tezi ikivimba tu kwa umri, au ikiwa na maambukizi. Inaweza kugundua saratani inayotambaa polepole ambayo ingemwacha mzee afe na uzee wake, halafu akafanyiwa upasuaji wa bure. Mwaka 2012 jopo la wataalamu Marekani lilisema wanaume wasipimwe kiholela, mwaka 2018 likalegeza, likasema wa miaka 55 hadi 69 wajadiliane na daktari wao waamue. Sawa. Lakini huo mjadala wote ni wa mwanaume mzima, asiye na shida, anayetaka kujua tu. Baba hakuwa mzima. Alikuwa mtu wa miaka 60 mwenye mfupa unaouma usiku na damu inayoisha. Kuleta mjadala wa wazima kwa mgonjwa ni kama kukataa kufungua boneti ya gari linalotoa moshi kwa sababu eti kukagua magari mazima ni hasara.

Na msifikiri ni sisi tu wa foleni ndefu. Chris Hoy, yule bingwa wa Olimpiki wa baiskeli wa Uingereza, alikuwa na maumivu ya bega, akidhani ni ya mazoezi. Skani ya mwaka 2023 ikaonyesha uvimbe begani, na chanzo kikawa tezi dume, tayari imefika kwenye mgongo, nyonga na mbavu. Alikuwa na miaka 47. Bega! Na Mei 2025 ofisi ya Joe Biden ilitangaza ana saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, na msemaji wake akasema kipimo chake cha mwisho cha PSA kinachojulikana ni cha 2014. Rais mzima, na daktari wake wa ikulu. Waziri wake wa ulinzi, Lloyd Austin, aligunduliwa Desemba 2023 akafanyiwa upasuaji, na ikulu haikuambiwa ni ugonjwa gani mpaka Januari. Mnaona? Jenerali mstaafu naye husema "niko sawa kabisa".

Tiba. Hapa nitaenda haraka, kwa sababu kila mgonjwa ana yake na sitaki mtu achukue ya Baba ajifanyie. Saratani hii mara nyingi hula homoni ya kiume. Charles Huggins aligundua hilo mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966: ukikata hiyo homoni, saratani hunywea, hata iliyoko mifupani. Haiponi ikishafika huko, walituambia wazi, lakini inaweza kurudishwa nyuma kwa muda, mara nyingine miaka. Kemo ilibidi isubiri, maana nayo hupunguza damu na Baba hakuwa na ya kupunguza. Alianza na tembe, kisha sindano ya kila miezi mitatu. Tembe hutangulia kwa sababu sindano za aina hiyo, siku za kwanza, hupandisha homoni kabla ya kuishusha, na kwa mtu ambaye mgongo umeshavamiwa hilo laweza kuleta maafa. Tulionywa: miguu ikianza kulegea, au kufa ganzi, au mkojo ukigoma ghafla, usisubiri kliniki ya Jumatano, ni dharura ya siku hiyo hiyo, uti wa mgongo unabanwa.

Pesa. Baba alikuwa amelipa SHA mwaka mzima mbele, vile mtu asiye na payislipu anavyotakiwa kulipa. Mwanzoni mwa 2025 kifurushi cha saratani kilikuwa na kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko mmoja na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kwa homoni peke yake, hiyo inasaidia kweli. Kwa zile tembe mpya za gharama ambazo madaktari wanapenda kuongeza siku hizi, unaanza kuhesabu miezi. Na vipimo vyote vya kabla, ile ya uboho, CT skani, yale majibu ya Nairobi, tulilipa kwa harambee na kamera yangu ya pili. Hiyo kamera naikumbuka bado, sitadanganya.

Ikafika mwezi wa tano. Damu ilikuwa imepanda hadi 10.8 bila kuongezewa. Chembe za kugandisha elfu 112. Jikoni ilikuwa imeanza kupika tena. Nilimpigia yule dada wa maabara nikamsomea namba, akakaa kimya kidogo, akasema, "Asante kwa kunirudishia habari. Huwa haturudishiwi."

Hapo daktari akaweka mezani chaguo la upasuaji wa kuondoa korodani. Unafanywa mara moja, huhitaji sindano tena, na gharama ni ndogo. Siku hiyo nilitoka mwenyewe bila kuambiwa. Baba na Mama walizungumza usiku, sijui walisema nini na haikuwa yangu kujua. Mama ndiye aliniambia asubuhi, akiwa anakaanga mahamri, bila kuniangalia. Na nilipompelekea chai, Baba alisema kitu kimoja tu: "Kijana, huwezi kununua spea hiyo hiyo kila miezi mitatu na gari bado lina safari." Ameniita kijana tangu nikiwa mdogo, msishangae.

Alifanyiwa Juni. PSA ya mwisho ilikuwa 6.2. Hasafiri tena, leseni anayo lakini ngazi ya lori amekatazwa, mifupa ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi. Analala kitandani.

Ninachotaka si bango lingine la Novemba. Nataka kila kliniki iwe na chumba chenye mlango unaofungwa, na mwenye fomu aambie sisi mabinti na wake na wajukuu tutoke dakika tano. Nataka mwanaume aliyepita 50 akija na mfupa unaouma usiku, au damu iliyopungua bila sababu ya kueleweka, tezi dume iguswe na PSA ipimwe kabla hajaandikiwa chuma mara ya pili. Kama baba yake au kaka yake aliwahi kuugua, aanze kuuliza hata akiwa na 40, maana hatari hupanda. Na sisi tunaowasindikiza, tubebe karatasi za kila kituo, zote, hata za mgongo ukienda kwa tumbo.

Siku hizi Baba anashinda yadi, anakaa chini ya mwarobaini na redio yake, na bila mtu kumtuma amekuwa mtu wa kuulizwa. Wanakuja mmoja mmoja, wanajifanya wanauliza bei ya tairi. Wanne wameshapimwa. Watatu walirudi na namba za kawaida, mmoja bado anafuatiliwa. Wiki jana alinipigia nikiwa nahariri video.

"Unamkumbuka yule aliyekuwa utingo wangu? Sasa ni dereva, ana miaka 52. Ananiambia mgongo haumpi usingizi."

Nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia aende kesho asubuhi. Na asiende na binti yake."